Nilichoacha Kuandika Kuhusu Mbegu za Mwandoya

Nimeyaanza maandishi haya mara nne. Mara ya kwanza niliinuka kwenda kuangalia kama maharage yanaungua, kumbe hata sijayabandika. Mara ya pili nikaenda kufagia uwanja niliokuwa nimeufagia asubuhi. Ndivyo nilivyo tangu nistaafu. Mikono iliyoshika tyubu na barafu miaka thelathini na kitu haijui kutulia mapajani. Wanangu pacha, Kulwa na Doto, wakinipigia simu wananiambia, "Mama, pumzika." Nipumzike mara ngapi? Nimechoka kupumzika.

Basi leo nimeketi, na ninyi wawili mnaokuja kituoni kwetu hapa Bariadi kuvaa makoti meupe kwa mara ya kwanza, nisomeni kabla sijainuka tena. Mimi ni Mama Kulwa. Nilikuwa fundi wa maabara kwenye kile kituo kidogo cha utafiti wa pamba, na miaka yangu ya mwisho kazini niliimaliza kwenye utafiti wa mitokondria za pamba na protini zake. Mengi nitakayoandika yatawafaa mikononi. Kuna moja ambalo mimi linanikosesha usingizi wa mchana hadi leo.

Tuanze na barafu, maana bila barafu hamna kazi. Vitabu vyenu vimewaambia kwamba mitokondria ndizo zinazoipa seli nguvu. Sawa. Havikuwaambia kwamba ukizichelewesha zinakufia mikononi. Unakata miche, unaisaga kwenye bafa ya baridi, yale maji ya chumvi na dawa, unachuja, unazungusha kwenye mashine, na kila kitu kiwe kimelala kwenye barafu: kinu, mchi, kitambaa cha kuchujia, hata wewe mwenyewe kama ungeenea kwenye friji. Kisha pamba nayo ina ubaya wake. Ndani ya jani na shina lake kuna rangi na sumu ya kujikinga na wadudu, na ukiiponda tu vinatoka na kung'ang'ania protini, kila kitu kinageuka kahawia. Kuna unga mweupe tunautia kwenye bafa ili unase ile rangi. Mara yangu ya kwanza niliusahau. Mzee Sospeter, fundi aliyenifundisha kazi, mtu wa Lalago asiyecheka ovyo, alichungulia kwenye kopo langu akasema, "Hongera, mayu. Umepika chai. Sukari iko wapi?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma, kama hamjui. Aliniita mayu nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, na sikuwahi kujua kama ni heshima au kejeli.

Sentrifyuji, ile mashine ya kuzungusha, ipeni adabu yake. Tyubu zinakaa mbili mbili zikitazamana, na lazima zipimwe kwenye mizani zilingane. Msikadirie kwa macho. Mimi nilikadiria siku moja kwa haraka zangu, mashine ikaanza kutembea. Sisemi kutetemeka, nasema kutembea. Iliachana na ukuta ikawa inaelekea mlangoni, nami nimeilalia juu nikiizuia kwa tumbo. Msiilalie. Zimeni umeme, tokeni nje. Ilipotulia, Mzee Sospeter aliniletea daftari la maabara akasema niandike: leo nimelala juu ya mashine. Nikadhani ananitania. Alisimama pale pale mpaka nikaandika. Kwake yeye kila kilichotokea kilipaswa kuingia daftarini, hata chafya uliyopiga juu ya sampuli.

Nilimcheka kwa hilo miaka mingi. Ngojeni, kuna mtu getini.

Alikuwa muuza dagaa. Afadhali, amenikumbusha Minza.

Minza alikuja kituoni kwetu akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu kutoka chuo kimoja cha mbali. Binti wa Lamadi, kwao ni watu wa ziwa, wanakausha dagaa na kuwasafirisha. Mrefu, mwembamba, anaongea kwa kasi na Kiswahili cha mjini. Nilimjaribu kwa salamu ya Kisukuma ya asubuhi, "Mwangaluka," akaitikia vizuri bila kujing'ata, nikampenda hapo hapo. Akaniambia, "Mama Kulwa, nitakusumbua, nauliza maswali sana." Nikamwambia aulize akitembea, maana mimi sina subira ya kusimama.

Ni yeye aliyenifanya nielewe kitu nilichokuwa nakitenganisha kwa mikono yangu bila kukijua. Tulikuwa tunasubiri mashine imalize mzunguko, akachukua uzi kutoka kwenye mfuko wangu wa kufuma. "Protini ikitengenezwa inatoka hivi, uzi mrefu," akasema. "Uzi haufanyi kazi yoyote mpaka ukunjike kwa umbo lake. Joto likizidi, nyuzi zinafungana mafundo." Akauvuruga uzi wangu, nikamtazama vibaya. "Sasa ndani ya mitokondria kuna protini nyingine inaitwa chaperoni. Kazi yake ni kuwalea wenzake. Imeumbika kama mtungi, vipande saba vimejipanga pete. Inaumeza uzi uliovurugika, inafunikwa kifuniko, uzi unajikunja upya humo ndani bila bughudha, halafu inautoa."

"Ukivurugika tena?"

"Inaumeza tena."

"Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na Kulwa na Doto," nikasema, "na mimi sikupewa hata kifuniko."

Swali lake lilikuwa la huku kwetu. Upande wa Meatu, kule Mwandoya, kuna wakulima wachache waliokuwa wametunza mbegu za pamba za wazee wao. Jua likiwaka hadi pamba za jirani zinanywea, zao zinabaki zimesimama. Minza alitaka kujua kama siri yake ni chaperoni za kwenye mitokondria: je, mbegu za Mwandoya zikipata joto hutengeneza mitungi mingi kuliko mbegu za kawaida tunazogawiwa? Profesa wake, msimamizi wa utafiti, alimwambia bila kumung'unya maneno. Akiitoa ile protini ikiwa safi, akapata picha ya umbo lake na kipimo cha kazi yake, shahada ni yake, na kuna maabara ng'ambo ilikuwa tayari kumchukua. Asipoweza, muda wake ulikuwa unakwisha na hapakuwa na wa kuuongeza. Mnaona jinsi binti yule alivyokuwa amesimama. Alikuwa na msimu mmoja tu.

Sasa mbegu. Zile za kawaida hutufikia zikiwa laini, zimeshanyolewa kiwandani. Zile za Mwandoya zilikuja na manyoya yake, yale mabaki ya pamba yanayobaki baada ya kuchambua. Mbegu yenye manyoya inanasana na mwenzake, haipandiki moja moja, na hewa inajificha ndani ya manyoya, mbegu isinywe maji. Maabara tunanyoa kwa asidi kali: unamwagia, unakoroga kidogo, unasuuza haraka sana, manyoya yanayeyuka. Vaeni glavu nene. Koti langu lina matundu ya kunikumbusha.

Minza alikuwa ameitwa chuoni kwa wiki mbili kueleza maendeleo yake. Akanipigia simu: "Mama, panda leo, nikirudi nikute miche." Nikaenda stoo. Asidi imekwisha. Mtunza stoo akaniambia itakuja mwezi ujao, Mungu akipenda. Nilizunguka ile maabara kama mara kumi. Ningeweza kumpigia simu Minza. Ningeweza kungoja. Lakini mimi mnanijua sasa, kungoja siwezi, na isitoshe dawa nilikuwa ninaijua tangu utotoni.

Nyumbani kwetu Nkoma, mama yangu hakuwa na asidi. Alikuwa anachukua mavi ya ng'ombe mabichi, anachanganya na majivu na maji kidogo, anasugua mbegu kwa viganja hadi manyoya yanalala na kushikamana, kisha anazianika kivulini. Mbegu inatoka mviringo, inateleza vidoleni, unadondosha moja moja kwenye shimo. Kwa msimu mzima hiyo ilikuwa kazi yangu na dada zangu, na tulikuwa tunashindana nani zake zinateleza zaidi. Nilikuwa nashinda mimi.

Basi nikatoka, nikaenda zizi la jirani, nikarudi na ndoo. Nilisugua mbegu za Mwandoya pale nyuma ya maabara, nikaanika, nikasuuza, nikazilowesha kwenye maji ya klorini kama utaratibu unavyotaka ili kuua vijidudu. Nikazipanga kwenye kitambaa chenye unyevu, gizani, baada ya siku kadhaa nikaziingiza kwenye kabati la joto. Ziliota zote pamoja, nyeupe, zimenyooka. Nilijisikia fundi kwelikweli. Halafu nikafungua daftari kuandika nilivyozisafisha, na kalamu ikaning'inia.

Niliandika hivi: mbegu zimesafishwa kama kawaida.

Hilo ndilo kosa. Mavi hayakuwa kosa kubwa kama mstari ule.

Minza aliporudi tulifanya kazi kwa kasi ambayo hata mimi iliniridhisha. Tulitoa mitokondria kutoka mbegu za Mwandoya na zile za kawaida, na zikahitaji kusafiri hadi chuoni zikiwa zimegandishwa kwa baridi kali kupita ya friza. Huku Simiyu nani ana baridi hiyo? Bwana mifugo, yule anayepandikiza ng'ombe kwa mrija. Mbegu zake za madume hukaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji. Nilimbembeleza wiki nzima, nikampelekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka akaniazima mtungi mdogo. "Mama Kulwa," akasema, "hizi zako zikichanganyika na zangu, ndama watazaliwa na maua ya pamba." Minza alicheka hadi akakaa chini. Jifunzeni hilo: kifaa unachokikosa maabara huenda kipo kwa mtu wa ng'ombe.

Majibu yalikuja kwa simu. Mbegu za Mwandoya zilikuwa zimejaa chaperoni baada ya joto, nyingi kupita matarajio yoyote, na zile za kawaida zilikuwa nazo kidogo tu. Kwenye ile hadubini kubwa ya chuoni pete zilionekana wazi, vipande saba, unavihesabu. Walizipa protini iliyovurugwa, zikaikunja upya. Minza alikuwa analia na kucheka kwenye simu. Profesa aliniomba niongee naye, akasema, "Fundi, umefanya kazi safi." Nilitembea nyumbani siku hiyo nikiwasalimia hata watu nisiowajua.

Profesa ni mtu makini, akataka jaribio lirudiwe. Asidi ikawa imeshafika. Tukanyoa mbegu za Mwandoya zile zile kwa asidi, tukaotesha, tukatoa mitokondria, zikasafiri. Safari hii mitungi ilikuwa kidogo, sawasawa na ya mbegu za kawaida. Minza akarudia tena. Kidogo. Akarudia mara ya tatu, akavunja tyubu mbili. Alisema mikono yake imekufa. Akakaa kwenye kile kiti kirefu cha maabara akalia, halafu akanitazama.

"Mama Kulwa, nikumbushe. Mara ya kwanza tulifanya nini tofauti? Kitu chochote, hata kidogo."

"Hakuna," nikasema.

Sikusita hata kidogo. Wakati ule nilijidanganya kwamba ni kweli, kwamba mavi ni ya nje ya mbegu na mitokondria ni za ndani ya seli, vitu viwili visivyokutana. Nikamchemshia chai. Yeye akaamua kwamba makosa ni ya mikono yake kwenye marudio, na kwamba majibu ya kwanza ndiyo sahihi. Akaanza kuandika tasnifu yake kwa majibu yale.

Wiki chache baadaye alinionyesha picha mbili kwenye kompyuta yake. Ya kushoto ilikuwa pete yetu. Ya kulia ilikuwa pete nyingine, na sikuona tofauti. "Hii ya kulia ni ya bakteria," akasema. "Zinafanana kama Kulwa na Doto. Unajua kwa nini? Zamani za kale mitokondria zilikuwa bakteria, zikamezwa na seli kubwa zikahamia humo. Kwa hiyo mtungi wa bakteria na mtungi wa mitokondria ni ndugu." Alikuwa anafurahia kunifundisha. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Bakteria. Na nilijua, kwa sababu ni kazi yangu kujua, kwamba kwenye sentrifyuji bakteria na mitokondria hutua chini pamoja, maana ukubwa wao haupishani sana.

Nilisema nina kichwa kinauma, nikaenda nyumbani, nikafua mapazia.

Siku tatu nilihangaika. Nilikwenda sokoni nikarudi mikono mitupu. Siku ya nne nilichukua mbegu zilizobaki, nusu nikazinyoa kwa asidi, nusu nikazipaka mavi na majivu kama nilivyofanya, zote nikazilowesha kwenye klorini. Zilipoota nikasuuza miche na kumwaga maji yake kwenye sahani za jeli ambazo bakteria huota juu yake. Asubuhi yake sahani za asidi zilikuwa na vidoa viwili vitatu. Sahani za mavi zilikuwa zimefunikwa kote. Klorini haikuwa imepenya chini ya yale manyoya yaliyogandamana, na lile kabati la joto lilikuwa limewalea vizuri sana. Minza alikuwa amepiga picha za mitungi ya bakteria wa kwenye mavi ya ng'ombe wa jirani yangu.

Nilikuwa nimebakiza miezi minane nistaafu. Nawaambia ukweli, niliihesabu. Niliwaza kwamba hakuna atakayejua. Profesa ameridhika, binti anaondoka ng'ambo, mimi naondoka na keki yangu ya kuagwa. Niliwaza hivyo nikiosha zile sahani, na nilikuwa nimeshaosha nusu yake nilipoacha. Zilizobaki nikazifunga vizuri, nikazitia kwenye mkoba. Jumamosi nikapanda basi kwenda Lamadi, kwa sababu Minza alikuwa nyumbani kwao akimalizia kuandika, na Jumatatu ya wiki iliyofuata alikuwa awasilishe.

Nilimkuta uani. Mama yake alikuwa anageuza dagaa kwenye nyavu zilizotandikwa chini. "Mwadila, mayu," nikamsalimu, maana ilikuwa alasiri. "Mwadila," akaitikia, akaniletea kigoda na maji. Minza alifurahi kuniona, akadhani nimeleta zawadi. Nikafungua mkoba nikampa sahani mbili.

Nilimweleza yote. Asidi, ndoo, majivu, klorini, sahani. Alisikiliza akiwa ameshika ile sahani iliyofunikwa, na nikaona akilini mwake anaenda mbali kuliko mimi, anapita kwenye kila ukurasa aliouandika.

"Nilikuuliza," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza umekaa mbele yangu, nalia. Ukasema hakuna."

"Ndiyo, mwanangu. Nilikudanganya."

"Kwa nini hukuandika tu? Ungeandika, Mama Kulwa. Mstari mmoja. Ningeona siku ile ile."

"Kwa sababu ni mavi," nikasema. "Miaka yote hii watafiti wanakuja na kuondoka, mimi ndiye wa kuosha vyombo vyao na kusahihishwa Kiingereza. Niandike kwenye daftari lao kwamba nimesugua mbegu na mavi ya ng'ombe? Akilini nilimwona mama yangu amesimama pale maabara, miguu ina tope, na wao wanamtazama. Nilimwonea aibu, Minza. Mama yangu mzazi."

Alishuka kuelekea ziwani. Mama yake aliniuliza kuna nini, nikamwambia nimemharibia mtoto kazi. Alinitazama, akarudi kwenye dagaa wake, na mimi kwa kuwa siwezi kukaa bure nikainama tukageuza pamoja. Tuligeuza nyavu mbili nzima.

Minza alirudi macho mekundu, akiwa na kompyuta kwapani. Akakaa kwenye mkeka.

"Nikifuta majibu haya bila maelezo, watasema niliyatunga," akasema. "Daftari linasema kama kawaida. Kwa hiyo nitaandika kila kitu, na wewe utasaini. Anza mwanzo. Mavi ya ng'ombe gani?"

"Minza."

"Wa zizini au wa malishoni? Mabichi au yamekauka? Nahitaji kujua, Mama."

"Wa zizini. Mabichi, ya asubuhi, kabla hayajashika ngozi juu."

"Kiasi gani?"

"Viganja viwili kwa kisado cha mbegu. Majivu kiganja kimoja, yaliyochekechwa. Mama alikuwa anapenda majivu ya mabua ya pamba, yale ya mkaa yanakwaruza." Nikamwonyesha kwa viganja. "Unasugua kwa kuzungusha, si kwa kukandamiza. Ukikandamiza unavunja ncha ya mzizi."

"Kuzungusha, si kukandamiza," akasema huku akiandika. "Unajuaje imetosha?"

"Unachukua mbegu moja unaidondosha kwenye ungo. Ikibiringika, imetosha."

Nilikuwa nalia sasa, na yeye pia, na hakuacha kuandika. Mama yake alisogea karibu na mkeka. "Na sisi tulikuwa tunafanya hivyo," akasema, "ila majivu zaidi."

Jopo la chuo liliniweka kwenye simu, spika imewashwa. Waliniuliza kama Minza alijua kuhusu mavi. Nikasema hakujua, aliniuliza nikamdanganya. Waliniuliza mara ya pili kwa maneno mengine, nikajibu vile vile. Sampuli iliyokuwa imebaki kwenye naitrojeni ilipelekwa kusomwa kipande kwa kipande, ikaonekana ni ya bakteria. Hawakumfukuza. Walimpa mwaka mmoja zaidi. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaisaini, nilistahili. Nafasi ya ng'ambo haikungoja, walimpa mtu mwingine.

Miezi yangu ile minane ya mwisho niliifanya yote na Minza. Hatukutaniana tena. Aliniita Mama Kulwa kwa adabu, akanipa maelekezo kwa adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko matusi. Niliandika kila kitu: saa ya kuwasha mashine, mkono niliotumia, harufu ya bafa. Mwisho alipata chaperoni ya kweli ya mitokondria za pamba, kidogo sana, alama hafifu uliyohitaji kuinamia ili uione. Ilikuwa sawa kwenye mbegu za Mwandoya na mbegu za kawaida. Kwa hiyo zile mbegu zinastahimili jua kwa sababu nyingine, na sababu hiyo hakuna anayeijua hadi leo. Alitetea tasnifu yake kwa alama ile hafifu akafaulu. Sasa anafundisha.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Tuliongea habari za mvua, za mama yake, za Kulwa na Doto. Halafu nikashindwa kujizuia, nikamuuliza swali nililolibeba tangu Lamadi, kama amenisamehe.

"Kuna siku nakukasirikia kwa kutoandika," akasema. "Na kuna siku, Mama, nakukasirikia kwa kuja Lamadi."

Nikamwambia hata mimi siku zote mbili ninazo.

"Basi waandikie wanafunzi wangu," akasema. "Wako wawili, ndio wa kwanza kukabidhiwa. Wanaingia Bariadi Jumatatu."